Namna ya Kulala Msituni Kasulu na Kibondo Bila Kugombana na Nyuki, Mvua wala Mwenyekiti wa Kitongoji

Hatua ya kwanza ya kulala kwenye hema katika misitu ya Kasulu na Kibondo haihitaji hema. Inahitaji shikamoo. Kabla hujafungua zipu ya begi, kabla hujachagua mti wa kupigia picha, mtafute mwenyekiti wa kitongoji, umwamkie, ukae kwenye kigoda utakachopewa, ujibu maswali yote. Umetoka wapi? Mwenyeji wako nani? Unalala porini, kwani umefukuzwa nyumbani? Swali hilo la mwisho litaulizwa kwa uso mkavu, nawe lijibu kwa heshima, maana mzee anayeuliza ana haki ya kushangaa. Amehangaika maisha yake yote ili mtu wa kwake asilale nje, na leo amekuja mgeni mwenye simu ya bei ya bati thelathini kuomba ruhusa ya kulala chini ya mti.

Mweleze ukweli: unaupenda msitu, unataka kuusikia usiku. Ukiweza kumwambia "mwakeye" asubuhi, ile salamu ya Kiha, atacheka namna unavyoitamka, na nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Kujitambulisha huku kunakulinda wewe kabla ya kumlinda mtu mwingine. Wilaya hizi ziko mpakani na Burundi. Tangu 1972 watu wamevuka mpaka huo mara nyingi wakikimbia vita na mauaji, wakiwa na mizigo kichwani na watoto mgongoni, na wenyeji wamejifunza kumtazama vizuri mtu anayetokea vichakani na begi kubwa. Usidhani hukuonekana. Kijana wa bodaboda uliyempita barabarani amekwisha kueleza habari zako kituoni, na kabla hujapigilia kigingi cha kwanza kitongoji kizima kitakuwa kinajua hema lako ni la rangi gani. Afadhali habari hizo wazipate kwako, mchana, kitambulisho kikiwa mkononi.

Baada ya salamu, uliza swali moja ambalo wapiga kambi wengi hawaulizi kabisa: msitu huu ni wa nani? Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, ya halmashauri, ya vijiji na ya watu binafsi. Ule wa serikali kuu unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kibali chake unakitafuta ofisi yao ya wilaya. Ule wa kijiji una kamati ya maliasili ya kijiji, yaani watu unaoweza kuwakuta wakipalilia maharage, ambao usiku huohuo wanaweza kuvaa viatu vya mvua kwenda kumkamata mkata magogo. Hao ndio wenye nyumba, wewe mgeni. Malipo ya serikali hupita kwa kumbukumbu namba na yana risiti. Ya kijiji nayo yana kitabu chake cha risiti. Dai risiti bila ukali na bila aibu. Fedha iliyoandikwa ndiyo itakayowafanya wanakijiji waseme kwenye mkutano kwamba msitu ukisimama unaingiza kitu.

Historia ya eneo hili inamfahamu vizuri mgeni aliyetaka kupita bila kumalizana na wenyeji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita huku akimtafuta David Livingstone. Kwenye kivuko cha Mto Malagarasi alibishana na wavushaji juu ya bei, kisha punda wake aliyeitwa Simba akakamatwa na mamba wakati anavutwa kwa kamba kuvushwa. Alipoingia Uha, nchi ya Waha, watawala walimtoza hongo ya doti nyingi za nguo, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaona bidhaa zake zitakwisha kabla hajafika Ujiji. Akaamua kutoroka usiku na msafara mzima, kimyakimya, mchana wakijificha porini. Alifika Ujiji mwezi Novemba na kusifiwa dunia nzima, lakini kama safari ya kulala kwenye mahema ile ilikuwa safari mbaya: mtu anayepita nchi nzuri namna hiyo gizani kwa kuogopa wenyeji hakuiona nchi. Lipa ada yako, ulale ukiwa umenyoosha miguu.

Sasa tuje kwenye majira. Nenda kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua huku huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, miaka mingine Mei, na mvua ya nyanda za juu za Kigoma haina utani. Inakuja na radi. Ukanda huu wa Maziwa Makuu, hasa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika kule Kongo mashariki, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Ukilazimika kulala wakati wa mvua, usiweke hema chini ya mti mrefu uliosimama peke yake wala juu ya kilima kilicho wazi, hata kama picha yake ingependeza kuliko zote. Ukisikia ngurumo zinasogea na gari liko karibu, ingia kwenye gari ufunge vioo. Hema halizuii radi.

Watu wa Dar es Salaam wana kosa lao maalumu, na nawasihi walisikilize. Wamesikia Kigoma, wakakumbuka ziwa, michikichi na jua, wakafungasha kaptula tatu na shuka moja. Kasulu na Kibondo ziko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai huku unakufanya ukumbuke kila blanketi uliloliacha nyumbani. Baridi yenyewe haitoki juu tu, inatoka ardhini. Godoro jembamba, mkeka, hata majani makavu yaliyokwisha kuanguka yakitandikwa chini ya hema yatakusaidia kuliko sweta la pili. Beba soksi nzito na kofia ya sufu. Na uvae nguo za mikono mirefu mchana pia, kwa sababu ninayoieleza sasa, ambayo ndiyo ningependa uishike kuliko zote.

Usinunue hema la buluu. Najua hema la buluu ndilo lililojaa madukani, ndilo la bei nafuu, na linang'aa vizuri kwenye picha. Mbung'o naye amelipenda. Nzi huyu, ambaye wengine humwita ndorobo, huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, na wataalamu wanaomwangamiza hushona mitego yao kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Mtu anayelala pori la miombo kwenye hema la buluu, amevaa jinzi ya buluu na fulana nyeusi, amejenga mtego wa mbung'o na kujiweka mwenyewe kuwa chambo. Chagua rangi ya udongo, ya kijivu au ya majani makavu. Vaa khaki. Kitambaa kiwe kizito, kwa sababu sindano yake hupenya nguo nyepesi, na dawa za kufukuza mbu hazimtishi sana. Huuma mchana, hufuata kitu kinachotembea, na hufuata gari kwa bidii ya kondakta anayedai nauli.

Natania, lakini jambo lenyewe si la utani. Mbung'o hueneza malale, na mapori ya Kasulu na Kibondo yamo katika orodha ya zamani ya maeneo ya ugonjwa huo nchini. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Uha kutoka kwenye vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi maalumu, kwa hoja ya kuwatenga na mbung'o. Mashamba yao yaliachwa, miti ikarudi, na mbung'o na wanyama wakarudi pamoja nayo. Kwa hiyo pori unaloliona leo na kulisifu kwamba halijaguswa na mkono wa mtu, sehemu yake lilikuwa ua wa babu wa mtu, na mjukuu wake huenda ndiye aliyekuuzia ndizi stendi. Litembelee kwa adabu hiyo. Na ukirudi mjini, ukapata homa na kichwa kuuma ndani ya wiki chache, usiishie kumeza dawa ya malaria ya dukani. Nenda kituo cha afya, mwambie mganga kwa maneno yaliyo wazi kwamba ulilala kwenye pori lenye mbung'o na uliumwa. Malale ya upande huu hukimbia haraka, na vimelea vyake huonekana kwenye damu kwa darubini iwapo mpimaji ataambiwa atafute nini. Malaria nayo ipo, na ipo sana, kwa hiyo lala ndani ya chandarua hata kama hema lina wavu wake.

Kuchagua mahali pa kulala kuna kanuni ya macho: tazama juu kabla ya kutazama chini. Juu kuna mizinga. Watu wa huku wanafuga nyuki tangu zamani, na mizinga ya magome na ya magogo hutundikwa kwenye matawi ya miyombo na mitundu, mirefu, kimya, ikifanana na tawi lenyewe. Mpiga kambi anayekoka moto wa kuni mbichi chini ya mzinga wenye nyuki, huku amejipulizia manukato, anaomba kukimbizwa. Nyuki wa Afrika hawatoi onyo la pili. Ukigundua mzinga, hamia mbali, na usiuguse hata kama unaonekana mtupu, kwa sababu una mwenyewe na ni akiba yake ya ada ya shule. Juu pia kuna matawi makavu yanayosubiri upepo. Upepo wa Agosti huyaangusha usiku bila kuuliza nani yuko chini.

Chini, tafuta siafu. Ukiona mstari mweusi unaotembea, usiuruke ukasema utapita. Hautapita. Siafu wakiamua njia yao ni katikati ya hema, hema ndilo linalohama, na wakati mwingine ni saa nane usiku, nanyi mnacheza ngoma ambayo hamkufundishwa na mtu. Majivu ya moto ukiyamwaga kuzunguka hema husaidia kuwachelewesha. Mchwa ni wapole zaidi kwa mtu lakini hawana huruma na mali: kitambaa, kamba na karatasi vilivyokaa chini siku kadhaa kwao ni chakula, kwa hiyo inua vitu vyako kila asubuhi. Kagua pia kama unalala kwenye njia ya ng'ombe au ya wanyama wanaokwenda majini. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa. Tembea na tochi usiku, maana kifutu ni nyoka mvivu anayebaki palepale akitegemea umwone. Na zipu ya hema ifungwe muda wote, hata kama unatoka kwa dakika moja tu.

Chagua mteremko mdogo ili maji yapite. Wapo wanaochimba mfereji kuzunguka hema. Kama mvua imekukuta uchimbe, lakini asubuhi uufukie na urudishe majani, maana mfereji mmoja ulioachwa kwenye mteremko huanza kuwa korongo masika yajayo.

Kuna sehemu nyingine ambako hema halifai kusimamishwa, na hapa naomba tuseme polepole. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya Kongo. Nduta iko Kibondo. Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka tena, watu waliingia kwa maelfu, Nyarugusu ikavuka watu 150,000 na kuwa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani, na Nduta iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa upya. Familia nzima, bibi hadi kichanga, zililala kwenye mahema katika mvua zile tulizozisema hapo juu, mwezi baada ya mwezi, bila kuchagua. Usije na hema lako la starehe ukaliweka karibu na kambi hizo. Usipige picha za watu wake ukaziweka pamoja na picha zako za kuchoma nyama. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na mtu anayezurura kando yake na kamera ataulizwa, tena ni haki aulizwe. Kama una moyo wa kusaidia, nenda kwa njia zilizowekwa. Msitu wa kulala uutafute kwingine, upo mwingi.

Kambi zinatuhusu kwa jambo moja zaidi, nalo ni kuni. Watu wengi wakipika kila siku kwa miaka mingi, wakimbizi na wenyeji pamoja, miti ya karibu huisha, na anayekwenda kuifuata ni mwanamke au msichana, kila mwaka mbali zaidi. Kwa hiyo wewe uliyekuja kwa siku mbili huna haki ya kuwasha moto wa kuangazia bonde zima. Moto wa mafiga matatu unatosha. Tumia matawi makavu yaliyoanguka yenyewe, yenye unene wa kifundo cha mkono, unayoweza kuyavunja kwa goti. Usikate mti mbichi. Mninga, mkora na mkurungu imekwisha kukatwa kiasi cha kutosha na watu wenye misumeno mikubwa kuliko panga lako, na mti wa miombo uliouona mnene hivyo una umri wa baba yako au zaidi. Ukiweza, beba jiko dogo la gesi, acha mafiga kwa ajili ya kahawa ya jioni.

Agosti na Septemba moto huo mdogo unakuwa jambo kubwa. Majani yamekauka, upepo upo, na cheche moja hupita hekta nyingi kabla ya watu kufika. Fagia majani mpaka udongo uonekane, upana wa hatua mbili kila upande. Kabla ya kulala zima kwa maji, koroga majivu, zima tena, kisha weka kiganja chako juu ya majivu. Kama huwezi kukiacha hapo, moto haujazimika. Anayesema "utajizima wenyewe" asipewe kiberiti tena safari nzima.

Chakula ndiyo sehemu ambayo Kigoma inamfurahisha mpiga kambi kuliko mikoa mingi, na ni aibu kubwa kufika Kasulu na mikate ya nailoni na soseji za makopo. Pita sokoni. Nunua maharage, maana mashamba ya Kasulu na Kibondo yanalisha miji mingi kwa maharage, lakini yachemshe mjini kabla ya kuondoka au uyaloweke usiku kucha. Maharage makavu kwenye mafiga yatakumalizia kuni za siku mbili na uvumilivu wa wenzako wote. Nunua unga wa muhogo, mawese kwenye chupa, vitunguu, pilipili, ndizi. Nunua dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, na ukibahatika mgebuka aliyekaushwa vizuri. Chumvi ya Uvinza pia itafute: chemchemi za maji chumvi za kule zimekuwa zikichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na zamani watu walitoka mbali kuzunguka Maziwa Makuu kuifuata. Jioni, mgebuka akiwa ndani ya mawese na nyanya, ugali wa muhogo umeshikana vizuri, moshi umekaa upande wa mtu mwingine, utaelewa kwa nini nasema soseji zibaki dukani. Chakula kisilale ndani ya hema. Kifunge, kiweke kwenye gari au kitundike mbali, kwa sababu nyani na tumbili wana mikono mizuri kuliko fundi wa zipu.

Uyoga unaouona baada ya mvua usiuchume kwa kubahatisha. Mwombe mama wa kijijini akuonyeshe, au ununue kwake barabarani. Wanawake wa miombo wanajua uyoga mmoja mmoja kwa jina, na maarifa hayo hayapatikani kwa kutazama picha kwenye simu. Asali nayo nunua kwa mfugaji mwenyewe, na umuulize mzinga wake ni wa aina gani. Mzinga wa gome huua mti uliobanduliwa; mfugaji aliyehamia mizinga ya mbao anastahili umlipe bei nzuri bila kumkaba.

Maji: chemsha yote, hata yale yanayoonekana kama kioo. Mei 2015 kipindupindu kiliua watu Kagunga, kwenye ufuo wa ziwa hukuhuku Kigoma, wakimbizi walipojazana bila maji safi wala vyoo. Choo chako cha porini kiwe hatua mia kutoka kijitoni, shimo la kina cha kiganja kilichonyooka au zaidi kidogo, na lifukiwe. Jembe dogo la mkono libebwe hata kama sufuria itasahauliwa. Sabuni isiingie mtoni kabisa. Chota maji, kaoge mbali. Nasisitiza hivi kwa sababu ya maji yenyewe yanakokwenda. Vijito vya nyanda hizi huingia Malagarasi na Muyovozi, na mito hiyo hutandaza maji yake kwenye ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuandikishwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, yenye hekta milioni 3.25. Huko anaishi korongo nyangumi, ndege mrefu mwenye mdomo kama kiatu kikubwa, anayesimama kwenye mafunjo akisubiri kambare, na nzohe, swala anayetembea majini. Povu la sabuni yako lina safari ndefu, na njiani kuna vijiji vinavyokunywa.

Usiku umefika. Zima spika. Singeli ni muziki mzuri na una mahali pake, na mahali hapo pana umeme, viti vya plastiki na watu waliolipa kiingilio. Ukitaka kulala na jenereta, Kasulu mjini kuna nyumba za wageni nzuri zenye chai asubuhi. Msituni kaa kimya kwa nusu saa tu ya kwanza, macho yako yazoee giza, na utaanza kusikia. Bundi. Vyura wa kijitoni. Kisha, juu ya miti, mtoto mchanga analia kwa uchungu, na rafiki yako wa mjini atakushika mkono kwa nguvu. Huyo ni komba. Ana macho makubwa, anakula utomvu na wadudu, na amekuwa akiwafukuza watu kwenye mahema tangu mahema yalipofika. Mwambie rafiki yako atulie. Fisi naye akilia mbali, mwache alie mbali; mabaki ya nyama yakiwa yamefungwa vizuri hana shida na wewe.

Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kambi za Kanembwa au Mtabila, watasema haya yote walikwisha kuyajua, na kweli wengi wao wanafunga kamba ya hema kwa haraka ya kuhusudiwa. Nawaomba jambo moja tu: msiamshe watu saa kumi na moja kwa wimbo wa mchakamchaka. Alfajiri ya miombo inakuja taratibu, ukungu ukikaa kwenye mabonde, na ndege wana zamu yao ya kuimba kabla yetu.

Kuondoka kunachukua muda mrefu kuliko kufika, kukifanywa vizuri. Taka zote zirudi nawe: chupa, mifuko, vizibo, hata maganda ya karanga uliyodhani yataoza. Mawe ya mafiga yatawanye, majivu yaliyopoa yafukie. Pita tena kwa mwenyekiti umuage, umweleze uliyoyaona, hasa kama ulisikia msumeno usiku au ulikuta magogo yaliyofichwa. Habari hiyo ni ya thamani kwake kuliko sukari utakayompelekea, ingawa sukari nayo peleka.

Nimeandika haya kwa sababu misitu midogo ya Kasulu na Kibondo haina watetezi wa kutosha. Gombe ina sokwe na majina makubwa, Mahale ina milima yake na ziwa. Miombo ya kawaida, isiyo na lango wala bango, hutetewa na wachache wanaoishi kandoni mwake, na hukatwa usiku kwa sababu walio mbali hawaijui. Watanzania wanaolipa kiingilio cha ukumbi kila wiki wanaweza kulipia usiku mmoja wa msitu kwa mwaka.

Kiangazi kinaanza Juni. Pita ofisi ya TFS ya wilaya au ofisi ya kijiji, uliza ni wapi panaruhusiwa kulala, lipa, chukua risiti yako. Na siku utakaposikia kwamba msitu ule unapendekezwa kukatwa viwanja, nenda mkutanoni, nyoosha mkono, sema kwamba umelala humo na unaomba uachwe.